Difu ya Land Rover: Tangu Kuchomelea Mpaka Kufunga

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wanafunzi katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, Ndugu Walimu, ndugu zangu tuliokula maharage ya bwalo hili, na ninyi wanafunzi ambao bado mnayala:

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya jambo la ufundi lenye manufaa kwa vijana. Waliotangulia wamesema juu ya uongozi na utumishi, na wamesema vizuri. Mimi ni fundi wa magari hapa Mwanza, sina hotuba ya namna hiyo. Nitazungumza juu ya difu ya nyuma ya Land Rover ya zamani, jinsi nilivyoiharibu mwaka 1991 na jinsi nilivyoitengeneza miaka mingi baadaye. Wale wa mchepuo wa sanaa wanivumilie. Hesabu zilizomo ni chache, na chai iko jikoni, nimeiona.

Kwanza difu yenyewe, maana nimegundua kwamba hata madereva wa miaka 20 hawajui kazi yake. Land Rover fupi, ile tunayoiita 88 kwa ajili ya inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina nafasi ya kama mita 1.3 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Ikikata kona ya robo duara, gurudumu la nje hutembea kama mita 2 zaidi ya lile la ndani. Wanafunzi wathibitishe wenyewe: nusu ya pai mara 1.3. Na kona iwe kali au iwe pana, tofauti ni ile ile. Mita 2 ni karibu mzunguko mzima wa tairi la gari hilo. Basi kila kona moja, gurudumu la nje linataka kuzunguka karibu mara moja zaidi ya mwenzake, na ni difu inayoliruhusu. Fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alibuni mtambo wa namna hiyo mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, kabla motokaa hazijazaliwa.

Ubaya wake ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, haijali nani anahitaji. Gurudumu moja likiwa topeni, lenye uwezo wa kupokea nguvu ya vipimo 20 tu kabla ya kuteleza, basi na lile lililo juu ya mwamba hupata 20, hata kama lingeweza kupokea 200. Jumla ni 40, gari halitoki. La topeni linazunguka bure na kuturushia matope usoni, la mwambani limetulia kama mgeni.

Sasa fikirini nchi yetu hii. Wazee wa Kisukuma hawakuwa na neno moja la udongo, walikuwa na mengi. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakuta ibambasi, ardhi ngumu inayokataa maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi ukaweza kuingiza mguu, na masika ukawa gundi. Njia ya kwenda mwaloni hupita katika udongo huo wote ndani ya kilomita moja au mbili, tena mara nyingi gurudumu la kushoto liko kwenye aina moja na la kulia kwenye nyingine. Ndiyo maana nasema difu ni jambo la kwetu, si la vitabuni. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwahi kumalizwa na magari 7 tu mwaka 1963, na tena 7 tu mwaka 1968 mvua zilipozidi. Hao walikuwa mabingwa wenye magari mapya na mafundi nyuma yao. Sisi tulikuwa na Land Rover iliyokwisha kutumiwa na idara mbili na mfanyabiashara mmoja.

Mwaka 1991 biashara ya sangara ilikuwa imeanza kupamba moto. Kaka yangu alikuwa na gari hilo, na kazi yetu ilikuwa kuchukua samaki katika mialo ya Ghuba ya Speke, upande wa Magu, na kuwaleta mjini kabla barafu haijayeyuka. Mtaniuliza, si Land Rover huvuta magurudumu yote manne? Huvuta, ndiyo, lakini mbele kuna difu na nyuma kuna difu, na kila moja huweza kusaliti upande wake. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, magurudumu manne yamekuwa sifuri. Masika ya mwaka ule tulilala njiani na mzigo mara tatu. Samaki wa siku mbili hana mnunuzi, ana nzi tu.

Mimi nilikuwa nimetoka shuleni hapa na cheti changu cha ufundi, na nilijua kuchomelea. Usiku mmoja nilishusha difu ya nyuma, nikaosha zile gia ndogo za ndani kwa mafuta ya taa, nikazichomelea zikawa kitu kimoja. Kazi ya saa nne. Kuanzia hapo magurudumu mawili ya nyuma yalizunguka pamoja kama ya mkokoteni wa ng'ombe wenye ekseli ya kukaza. Asubuhi yake tulipita mbuga tukipiga miluzi. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa shujaa, na mafundi wengine walikuja kuniuliza nimefanyaje.

Lakini zile mita 2 hazikwenda popote. Juu ya matope, gurudumu husereka kidogo na hakuna anayeona. Juu ya lami kavu, tairi huburuzwa kwa nguvu, gari hutaka kwenda mbele tu hata ukikata, na shafti za nyuma hujipinda kila kona. Juu ya lami yenye maji ni kubaya zaidi: ili kona ikatike, lazima gurudumu mojawapo liteleze, na likishateleza moja, la pili halina nguvu ya kulizuia. Mkia wote unakwenda.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, tukiingia mjini, gari tupu nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Niliachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia ukatoka, tukazunguka na kwenda kugonga ukingo wa mtaro kwa ubavu. Mimi sikuumia. Utingo wetu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amekaa nyuma, alivunjika mguu wa kulia mahali pawili. Uliungwa vibaya, na mpaka leo anachechemea.

Askari aliponiuliza nilisema barabara ilikuwa na utelezi. Ni kweli ilikuwa na utelezi. Juu ya difu sikusema neno, wala kwa askari, wala kwa kaka, wala kwa mwenyewe aliyeumia. Juma lile lile nilinunua difu kuukuu nikaifunga, na ile iliyochomelewa nikaitupa ziwani. Ndugu Mwenyekiti, hii ni mara yangu ya kwanza kulisema mbele ya watu.

Nirudi kwenye ufundi. Baada ya kaka kufariki, gari hilo lilibaki kwangu, na miaka michache iliyopita niliamua kulifunga difu ya kisasa ambayo huzuia mtelezo lakini haifungi magurudumu pamoja. Si jambo jipya duniani. Mwaka 1935 Ferdinand Porsche aliiagiza kampuni ya ZF ya Ujerumani itengeneze difu ya namna hii kwa ajili ya magari ya mashindano ya Auto Union, kwa sababu yalikuwa na nguvu nyingi hata gurudumu la ndani likawa linazunguka bure kwenye kona. Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza hutumia sahani zinazosuguana kama za klachi. Ni nzuri, lakini sahani huisha na hutaka mafuta yake maalumu. Ya pili hutumia gia za mshazari ambazo, zikitwishwa mzigo, hujikandamiza ubavuni na kuleta msuguano wenyewe. Hii hutumia mafuta ya gia ya kawaida, na kwenye kona ya lami husahau kwamba ipo. Nilichagua ya pili.

Hesabu yake ni hii. Tuseme difu hiyo ina uwiano wa 3. Gurudumu la topeni likipokea 20, la mwambani hupewa mpaka 60. Jumla 80 badala ya 40, na gari linatoka. Lakini vijana, angalieni: gurudumu likiwa hewani kabisa linapokea sifuri, na 3 mara sifuri ni sifuri. Hapo dereva hukanyaga breki ya mguu kidogo huku akiongeza mafuta, ili lile la hewani lipate cha kushindana nacho, na mwenzake apewe mara 3 yake.

Tatizo ni kwamba mitambo hii huuzwa kwa ajili ya Land Rover za baadaye. Niliyoipata mimi ilikuwa na tundu la shafti lenye meno 24, na shafti za gari letu zina meno 10. Wakaniambia: nunua difu nzima ya gari jipya uipachike, kwa kuwa kibweta cha ekseli hakikubadilika sana. Ushauri wa haraka, na ni wa hatari. Difu za Land Rover za zamani huzungusha pinioni mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na za baadaye ni 3.54. Ukiweka 3.54 nyuma na mbele ukaacha 4.7, siku utakapounganisha magurudumu manne, mbele na nyuma vitashindana mpaka kimoja kivunjike. Kwa hiyo ilinibidi nibaki na krauni na pinioni zangu za zamani, nihamishie krauni kwenye mtambo mpya, kisha nitafute shafti za meno 24.

Kuhamisha krauni si kazi ya nyundo. Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani, huwa ni mke na mume, hazibadilishani na za gari jingine. Vifuniko vya beringi navyo havibadilishwi kushoto kwa kulia, vitieni alama kabla ya kufungua. Pinioni sikuigusa, hivyo kina chake kilibaki kama kilivyokuwa. Kilichobaki ni kusogeza krauni kwa zile nati za pembeni mpaka mchezo baina ya meno uwe kati ya milimita 0.20 na 0.25, ukipimwa kwa saa ya kupimia, mahali kadhaa kuzunguka krauni, si mahali pamoja. Ukiwa mdogo mno meno yatapata moto, ukiwa mkubwa mno utasikia difu ikilia kama fisi. Kisha paka rangi meno machache, zungusha, utazame inagusa wapi.

Boliti ndizo zilizonisumbua. Krauni yangu ilikuwa na nyuzi za boliti za inchi 3/8, yaani milimita 9.5 na ushei, na mtambo mpya ulikuwa na matundu ya milimita 10. Pengo la karibu nusu milimita. Fundi mmoja aliniambia kaza tu, itashika. Krauni hukaa katikati kwa mdomo wake, ni kweli, lakini boliti inayocheza ndani ya tundu itakatika siku moja, na boliti ikidondoka ndani ya difu husaga kila kitu. Tulichukua boliti ngumu za milimita 10, tukaacha shingo yake kama ilivyo, na ncha tukaikereza na kuikata nyuzi za 3/8. Shingo ikajaa tundu, ncha ikaingia kwenye krauni. Siku mbili kwa boliti kumi. Sijutii.

Halafu shafti. Ni mbili, moja ndefu na moja fupi, kwa kuwa difu haiko katikati ya ekseli. Upande wa nje zilitakiwa zibaki kama za zamani ili ziingie kwenye flenji zetu, upande wa ndani ziwe na meno 24. Za mara ya kwanza nilizichonga kwa chuma laini, kwa sababu ndicho kilichokuwepo na mimi ni mbishi. Mbuga ya kwanza tu zilijisokota, meno yakawa ya mzunguko kama kamba. Za mara ya pili nilitumia EN24, chuma chenye nikeli, kromiamu na molibidenamu, kilicholetwa kutoka nje ya mkoa, na bei yake sitaitaja mbele ya mke wangu.

Hapa ndipo ninapowashukuru walimu wa karakana ya shule hii. Kugawa meno kwenye mashine ya kuchonga hufanywa kwa kichwa cha kugawia. Mkono wake ukizungushwa mara 40, kazi huzunguka mara moja. Unataka meno 10? Rahisi, 40 gawa kwa 10, mizunguko 4 kwa kila jino. Unataka 24? 40 gawa kwa 24 ni mzunguko mmoja na theluthi mbili. Theluthi mbili unaipata kwenye duara la matundu 18, kwa kuhesabu nafasi 12. Nafasi, ndugu zangu, si matundu! Mwalimu wetu wa ufundi alikuwa akipiga kelele hiyo tangu saa mbili asubuhi. Mwenye kuhesabu tundu aliloanzia kama la kwanza huenda nafasi 11 badala ya 12, na akifika jino la 24 hujikuta amepungukiwa mzunguko mmoja na theluthi wa mkono, na jino la mwisho limekuwa nene kuliko wenzake. Nilipokuwa kidato cha tatu nilifanya kosa hilo hilo na kipande changu kikatundikwa ukutani wiki nzima. Nimeambiwa kichwa cha kugawia bado kipo karakana, kimefunikwa gunia. Kifunueni. Kisu cha kuchongea tulikisugua wenyewe, maana ubavu wa meno hayo 24 si wa kunyooka kama wa yale 10, umepinda kidogo.

Gari lilirudi barabarani. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, mtihani wangu ulikuwa kupanda kutoka kivukoni, mahali ambapo upande mmoja huwa na maji na mchanga na mwingine zege kavu. Lilipanda bila kelele. Mbuga za Magu limepita masika, polepole, kwa gia ya pili. Mara moja tu limenasa, na hapo lilikuwa limekalia tumbo. Kwenye lami yenye maji nililijaribu peke yangu, bila mtu nyuma, kona baada ya kona. Mkia ulitulia.

Baada ya hapo nikaenda kumtafuta yule utingo. Siku hizi anauza dagaa, ana wajukuu. Nilimletea gari mlangoni, nikamweleza habari yote ya difu ile ya mwaka 1991, tangu kuichomelea mpaka kuitupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, kwani usiku ule nani alikushikia taa?"

Ni yeye. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ukiwa kijana na una cheti mfukoni, humwoni anayekushikia taa. Alijua siku ile ile, na kwa askari hakusema kwa sababu mimi sikusema. Tulikaa kimya kitambo. Halafu akainama, kwa taabu ya mguu wake, akachungulia chini ya gari, akataka nimwonyeshe ni nini hasa kilichobadilika.

Swali alilouliza ndilo nitakalomalizia, kwa sababu hakuna fundi aliyeniuliza. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo chini linaweza kuzunguka na la hewani likazunguka kinyume, huku breki ya mkono imekazwa na shafti haikusogea hata kidogo. Gari linaondoka juu ya jeki. Akauliza: je, kwa difu hii mpya bado litaondoka? Jibu ni ndiyo. Ni ile ile 3 mara sifuri. Akasema basi asije mtu akadanganyika.

Gari liko nje, Ndugu Mwenyekiti, chini ya mwembe karibu na karakana. Baada ya chai nitainua gurudumu la nyuma kwa jeki ili wanafunzi walizungushe kwa mkono na kuona lile jingine linavyojibu. Yeye mwenyewe amekuja, yuko pale mlangoni, na kama mnavyoona amebeba magogo mawili. Hatutagusa jeki kabla hajayapanga chini ya magurudumu ya mbele.